Kiswahili Kilivuka Ziwa, Kikakwama Mlangoni mwa Sekondari

Mwezi Mei 1975 watu wenye silaha walivuka Ziwa Tanganyika kutoka upande wa Zaire, wakaingia usiku katika kituo cha utafiti cha Gombe, kaskazini ya mji wa Kigoma, wakawateka vijana wanne wa kigeni. Mateka hao waliachiliwa baadaye, lakini watafiti wa kigeni waliondoka, na utafiti wa sokwe ambao Jane Goodall aliuanzisha mwaka 1960 ukawa hatarini kukatika. Haukukatika. Uliendelezwa na wasaidizi wa utafiti Watanzania, wengi wao wenyeji wa mwambao, ambao waliwafuata sokwe msituni siku nzima na kuandika walichokiona: nani amekula tunda gani, nani ameandamana na nani, nani amempiga nani, saa ngapi na katika bonde lipi. Waliandika kwa Kiswahili. Kumbukumbu hizo ni sehemu ya hazina iliyoifanya Gombe iwe mojawapo ya tafiti ndefu kuliko zote za wanyama wa porini ulimwenguni, na wanasayansi wa ng'ambo wamelazimika kuzitafsiri ili wazitumie.

Mtoto wa kijiji kile kile cha mwambao, akimaliza shule ya msingi na kuingia kidato cha kwanza, hukutana na somo la Biolojia kwa Kiingereza. Huambiwa, kwa maneno au kwa vitendo, kwamba Kiswahili ni lugha ya nyumbani, ya sokoni na ya mkutano wa kijiji, lakini sayansi ina lugha yake. Baba yake anaweza kuwa ndiye aliyejaza daftari ambalo mwanasayansi wa Marekani analinukuu, na yeye mwenyewe akafeli mtihani wa Biolojia kwa sababu hakulielewa swali.

Hoja ya makala haya ni kwamba mpaka kati ya elimu inayotolewa kwa Kiswahili na elimu inayotolewa kwa Kiingereza katika nchi yetu haukuwekwa pale uwezo wa Kiswahili ulipoishia. Uliwekwa pale elimu ilipoanza kuchagua nani atatawala na nani atatawaliwa. Uliwekwa na wakoloni, ukasogezwa mara moja baada ya Uhuru, kisha ukalindwa na serikali zetu wenyewe. Historia ya Ujiji na mwambao wa Ziwa Tanganyika inalionyesha jambo hili kwa uwazi, kwa kuwa hapa Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi nzito kabla hakujawa na serikali yoyote ya kukiamuru.

Lugha ya msafara

Wafanyabiashara wa pwani walianza kufika Ujiji yapata miaka ya 1840. Richard Burton na John Speke walipoliona ziwa Februari 1858, walikuwa wamepita katika njia iliyokwisha kukanyagwa na misafara mingi, na lugha ya misafara hiyo ilikuwa Kiswahili. Vitabu vya shule hupenda kutaja mkutano wa David Livingstone na Henry Morton Stanley wa mwaka 1871, Mskoti na Mwelisi wakisalimiana chini ya mwembe. Lakini jambo kubwa zaidi lililokuwa likitukia Ujiji wakati huo halikuwahusu wageni hao. Watu wa asili mbalimbali, Waha, Wajiji, Wanyamwezi, Wamanyema na watu wa pwani, walikuwa wakijifunza kufanya kazi pamoja kwa lugha moja ambayo kwa wengi wao haikuwa lugha ya mama.

Tusiipambe historia hii. Misafara ilibeba pembe za ndovu na ilibeba watumwa, na wengi waliojifunza Kiswahili katika njia hizo hawakuwa na hiari. Hata hivyo, lugha haikubaki mali ya wenye bunduki. Ilivuka ziwa, ikaingia Umanyema, ikawa Kingwana, na leo ni lugha ya mamilioni ya watu wa mashariki ya Kongo. Hapa Ujiji ilikuwa lugha ya kupimia bidhaa, ya kuandikiana mikataba kwa hati za Kiarabu, ya kutibu, ya kuoa na ya kufundishia dini katika vyuo vya Kurani. Hakuna tume iliyokaa kuuliza kama Kiswahili kina uwezo. Kazi ilihitaji maneno, na maneno yakapatikana.

Ndiyo maana hoja kwamba Kiswahili hakijakomaa ina sura ya ajabu inapotamkwa Kigoma. Lugha iliyoweza kuendesha biashara ya kimataifa kati ya Zanzibar na bonde la Kongo katika karne ya 19 inaambiwa katika karne ya 21 kwamba haiwezi kueleza usanisinuru.

Mpaka wa kwanza

Wajerumani walipofungua shule ya serikali mjini Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, walikichagua Kiswahili kwa sababu za utawala. Walihitaji karani, akida na mwalimu watakaoelewana kutoka pwani hadi maziwa makuu. Reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, ilifuata karibu njia ile ile ya misafara, na mfumo mzima wa utawala ulioizunguka ulikuwa ukiandikiana kwa Kiswahili.

Waingereza walirithi mfumo huo na kwa namna moja wakauimarisha. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930 ilisanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, na vitabu vikachapwa. Lakini wakati huo huo wakachora mstari ambao haukuwapo: madarasa ya chini yafundishwe kwa Kiswahili, madarasa ya juu kwa Kiingereza. Shule ya Serikali ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925 kwa ajili ya watoto wa machifu, ilikuwa alama ya mstari huo katika ukanda wetu wa magharibi. Julius Nyerere, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, alisoma hapo kuanzia 1937 hadi 1942. Kiingereza kilikuwa lugha ya wale waliotayarishwa kuwa daraja kati ya mtawala na umma. Kiswahili kiliachiwa umma.

Katika mpango huu hapakuwa na hoja ya ualimu. Hakuna aliyefanya utafiti uliothibitisha kwamba akili ya mwanafunzi ikifika darasa fulani hubadilika na kuanza kuelewa vizuri zaidi kwa Kiingereza. Mstari ulichorwa pale ambapo serikali ya kikoloni iliacha kuhitaji watu wengi na kuanza kuhitaji watu wachache.

Mwaka ambao mpaka ulisogea

Tarehe 10 Desemba 1962 Nyerere alilihutubia Bunge la Jamhuri kwa Kiswahili. Mwaka 1964 Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili kiliwekwa katika chuo kikuu mjini Dar es Salaam. Mwaka 1967, pamoja na Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa, na Kiswahili kikatangazwa kuwa lugha ya kufundishia katika shule yote ya msingi, mwanzo hadi mwisho. Mpaka ulisogea. Hesabu, sayansi na jiografia za darasa la saba, ambazo jana zilisemekana kuhitaji Kiingereza, zikafundishwa kwa Kiswahili, na taifa halikuanguka.

Kwa watu wa wakati ule hiyo ilikuwa hatua ya kwanza tu. Ilitarajiwa kwamba watoto walioanza kwa Kiswahili wangefuatwa na lugha yao kila wapandapo darasa. Mwaka 1970 Idara ya Kiswahili ikaanzishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na humo fonolojia, nadharia ya fasihi na leksikografia zikaanza kufundishwa, na hatimaye kutahiniwa hadi shahada ya uzamivu, kwa Kiswahili. Katika sekondari somo la Siasa likafundishwa kwa Kiswahili. Masomo mengine yakasubiri. Bado yanasubiri.

Ngazi mbili

Hapa ndipo inapotupasa kuitazama historia kwa makini, kwa sababu mara nyingi tunasema kwamba Tanzania haijawahi kutoa elimu kwa Kiswahili baada ya shule ya msingi. Si kweli. Serikali imetoa elimu hiyo kwa miaka mingi, kwa watu wengi, na kwa mafanikio. Imeitoa tu kwa watu ambao haikuwatarajia wapande.

Chukua vyuo vya ualimu. Kwa miongo kadhaa walimu wa Daraja la A walifundishwa kwa Kiswahili. Katika vyuo vya namna hiyo nchini, ikiwa ni pamoja na vile vya wilaya ya Kasulu hapa mkoani Kigoma, saikolojia ya mtoto, falsafa ya elimu na mbinu za kufundishia hisabati zilikuwa masomo ya Kiswahili. Mwalimu aliyetoka hapo ndiye aliyewafundisha wengi wetu kusoma. Hakuna aliyewahi kusema kwamba saikolojia yake ilikuwa pungufu kwa kuwa hakuisoma kwa Kiingereza.

Chukua Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, kwa kufuata mfano wa vyuo vya umma vya nchi za Skandinavia. Vikafika zaidi ya hamsini. Humo watu wazima na vijana waliomaliza darasa la saba walijifunza useremala, uashi, kilimo, ushonaji, uongozi wa ushirika na utunzaji wa hesabu, kwa Kiswahili.

Chukua kampeni za redio. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya takriban watu milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza na kujadili, wakijifunza namna malaria, kichocho na kuhara vinavyoenea na namna ya kuvizuia. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Hayo yalikuwa mafunzo ya afya ya jamii na lishe, na yalikuwa kwa Kiswahili. Vikundi vilichimba vyoo baada ya kuelewa kwa nini choo kinahitajika.

Kwa hiyo tulikuwa na ngazi mbili. Ngazi ya kwanza ilianzia shule ya msingi ikaenda chuo cha ualimu, chuo cha wananchi na darasa la watu wazima. Lugha yake ilikuwa Kiswahili, na kilele chake kilikuwa kijiji. Ngazi ya pili ilianzia sekondari ikaenda kidato cha sita na chuo kikuu. Lugha yake ilikuwa Kiingereza, na kilele chake kilikuwa ofisi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikaifanya miaka saba ya shule ya msingi kuwa ya lazima, na kwa njia hiyo mpaka wa lugha ukaangukia mahali pale pale ulipoishia wajibu wa dola kwa kila mtoto. Elimu ya wote ilikuwa ya Kiswahili. Elimu ya wachache ilikuwa ya Kiingereza. Waingereza walikwisha kuondoka, lakini mantiki ya Tabora ilibaki.

Tume ya Makweta na kurudi nyuma

Wataalamu waliiona hatari mapema. Mwaka 1978 Penina Mlama na May Matteru walitoa utafiti wao, Haja ya Kutumia Kiswahili Kufundishia Elimu ya Juu, uliofanywa kwa ajili ya Baraza la Kiswahili. Walionyesha kwamba wanafunzi wa sekondari hawakuwa wakielewa Kiingereza kiasi cha kujifunzia kwacho. Mwaka 1980 Rais aliunda tume ya kuchunguza mfumo wa elimu, chini ya uenyekiti wa Jackson Makweta, na mwaka 1982 tume hiyo ikapendekeza ratiba iliyo wazi: Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza mwaka 1985, na kifike vyuo vikuu mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Taifa lilikuwa na tarehe. Mwaka 1983 ikajulikana kwamba badiliko hilo halitafanyika. Mwaka uliofuata wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, walitoa ripoti juu ya hali ya Kiingereza katika shule zetu. Waliyoyaona yalilingana na ya Mlama na Matteru: sehemu ndogo sana ya wanafunzi ndiyo iliyokuwa na Kiingereza cha kuwatosha kusomea. Dawa waliyoipendekeza ikawa kinyume. Tume ya Makweta iliona kwamba wanafunzi hawaelewi Kiingereza, ikasema tuwafundishe kwa lugha wanayoielewa. Ripoti hii iliona jambo lile lile, ikasema tuimarishe Kiingereza. Kuanzia mwaka 1987 fedha za Uingereza zikaja kwa ajili ya mradi wa kuimarisha ufundishaji wa Kiingereza katika sekondari.

Tusimtupie mgeni lawama zote. Hiyo ilikuwa miaka ya njaa ya fedha za kigeni, ya foleni za sukari na sabuni, na ya mazungumzo magumu na Shirika la Fedha la Kimataifa. Nchi iliyokuwa ikihangaika kupata petroli ilikuwa na sababu ya kusita kabla ya kuchapa upya vitabu vyote vya sekondari. Nyerere mwenyewe, ambaye hakuna atakayemshuku kwa kukidharau Kiswahili, alihofu kwamba Kiingereza kikiondolewa darasani kingekufa kabisa. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Kosa lilikuwa kudhani kwamba lugha ya kigeni hulindwa kwa kufundishia kemia, badala ya kuifundisha yenyewe vizuri.

Tangu hapo sera zetu zimekuwa kama chombo kinachopigwa na upepo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ilibakiza Kiingereza sekondari. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ikaahidi mpango wa kuwezesha elimu ya ngazi zote kutolewa kwa Kiswahili. Sera ya Elimu ya mwaka 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ikasema Kiswahili kitumike katika ngazi zote. Kisha toleo la 2023 la sera hiyo hiyo, lililozinduliwa mapema mwaka 2025, likaacha Kiingereza kiendelee kuwa lugha ya sekondari na elimu ya juu, huku likirefusha elimu ya lazima hadi miaka kumi. Hapo pana mabadiliko ambayo wengi hawajayapima. Kwa mara ya kwanza mpaka wa lugha utapita katikati ya elimu ya lazima. Dola itamlazimisha kila mtoto kukaa miaka minne katika darasa ambalo lugha yake wengi hawaielewi, na baada ya hapo itawapima kwa lugha hiyo hiyo.

Gharama yake ziwani

Watu husema mjadala huu ni wa wasomi. Nenda Kibirizi au Katonga asubuhi, mitumbwi inaporudi na dagaa, kisha ulisikilize soko. Mvuvi anajua dagaa hupanda juu usiku kufuata mwanga, anajua ni usiku upi wa mbalamwezi usiofaa kuwasha taa, anajua migebuka huwafuata dagaa na upepo gani wa msimu huwatawanya. Maarifa hayo yote yamo katika Kiswahili na Kiha, na yanajadiliwa kila siku. Si mbali na hapo kipo kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, na ipo kampasi ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi. Katika vyuo vyetu vya kada ya kati, mitaala na mitihani ya astashahada na stashahada kwa kawaida ni ya Kiingereza. Kijana wa Ujiji aliyekulia ndani ya mtumbwi anaweza kuingia chuoni akiwa na maarifa ambayo mkufunzi wake hana, akatoka na daraja la chini kwa kuwa hakuweza kuyaandika.

Hasara hii haiishii kwa kijana mmoja. Mwaka 2024 serikali ilisimamisha shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wazaliane. Hatua ya namna hiyo hufaulu kwa kiasi ambacho wavuvi wameridhika na sababu zake. Sababu hizo ni za kisayansi: ukubwa wa samaki wanaokamatwa, majira ya kuzaliana, joto la maji na kupanda kwa virutubisho kutoka kina cha ziwa. Ofisa uvuvi aliyejifunza mambo hayo kwa Kiingereza peke yake anapaswa kuyatafsiri papo kwa papo, mbele ya watu wenye njaa, bila kuwa amewahi kuyajadili kwa Kiswahili hata siku moja darasani. Akishindwa kueleza, mvuvi husikia amri tu. Na amri isiyo na maelezo huvunjwa usiku.

Vuka ziwa uone upande wa pili. Kijana wa Kalemie au Uvira hujifunza sekondari na chuo kwa Kifaransa. Wa Kigoma hujifunza kwa Kiingereza. Wakikutana sokoni au ndani ya boti wanaelewana kwa Kiswahili bila shida. Wakikutana katika semina ya kuokoa ziwa moja wanalolitegemea, wanahitaji mkalimani. Mkataba wa usimamizi endelevu wa Ziwa Tanganyika, uliotiwa saini na nchi nne mwaka 2003, unahusu maji ambayo sehemu kubwa ya mwambao wake inazungumza Kiswahili. Lugha ya ziwa ipo. Vyuo vya ziwa haviitumii.

Mahakamani hali ni hiyo hiyo. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Ni hatua kubwa kwa raia anayeshtakiwa Kasulu au Kibondo. Lakini wanasheria wa kuitekeleza bado wanafunzwa katika vyuo vikuu kwa Kiingereza. Tumebadili lugha ya kazi bila kubadili lugha ya kumwandaa mfanyakazi.

Hoja tatu za upande wa pili

Ya kwanza ni istilahi. Tafsiri Sanifu zilianza kutoka katika miaka ya 1970, na mwaka 1990 ikatoka Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Maneno yapo, yasiyokuwapo hutungwa. Istilahi isiyotumiwa darasani hufa kabatini, kisha kifo chake hutumiwa kuwa ushahidi kwamba haikufaa.

Ya pili ni ajira na dunia. Mzazi anayebana matumizi ili ampeleke mtoto shule ya Kiingereza si mjinga. Ameisoma ngazi ilivyo na anataka mtoto wake apande. Lakini kujua Kiingereza na kujifunza kwa Kiingereza ni mambo mawili. Utafiti wa LOITASA, ulioanza mwaka 2002 na kuwahusisha wataalamu wa Tanzania kama Martha Qorro, ulionyesha kwamba wanafunzi wa sekondari waliofundishwa sayansi au jiografia kwa Kiswahili walielewa na kujieleza vizuri zaidi. Mwanafunzi asiyeelewa somo wala lugha hutoka shuleni bila yote mawili. Hiyo ndiyo hali ya wengi, na ndiyo maana walimu wengi wa sekondari hufundisha kwa Kiswahili kwa siri na kutahini kwa Kiingereza hadharani.

Ya tatu ni nzito zaidi, na hutolewa na watu wa Buha wenyewe. Kwa mtoto wa Kasulu, Buhigwe au Kibondo, lugha ya mama ni Kiha. Shule ya Tanzania haikumpa nafasi ya kuanza kwa lugha hiyo hata darasa la kwanza. Je, sisi tunaodai haki ya Kiswahili hatukuifanyia Kiha tuliyofanyiwa? Swali ni la haki, na anayetetea Kiswahili kwa sababu ya uzalendo peke yake hana jibu. Jibu liko katika kanuni yenyewe: mtu ajifunze kwa lugha anayoielewa. Kanuni hiyo inaidai shule ya awali ya Buha iheshimu Kiha, na inaidai sekondari iheshimu Kiswahili. Kwa kijana wa miaka kumi na minne aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili, lugha jamaa na Kiha kwa sarufi na kwa msamiati, umbali wa kwenda Kiingereza ni mara nyingi zaidi.

Tunachoweza kujifunza kwa watu wa Stanley

Stanley aliyefika Ujiji mwaka 1871 alizaliwa Denbigh, kaskazini mwa Wales, mwaka 1841, kwa jina la John Rowlands, kati ya watu wanaozungumza Kiwelisi. Mwaka 1847, mwaka ule ule mtoto huyo alipowekwa katika nyumba ya maskini ya St Asaph, maofisa kutoka Uingereza walitoa ripoti ya elimu iliyokilaumu Kiwelisi kuwa chanzo cha ujinga na tabia mbaya za watu wake. Wawelisi wanaiita ripoti hiyo usaliti hadi leo. Hoja zake tungezitambua: lugha hii ni ya nyumbani na kanisani, haifai kwa elimu, na inamfungia mtoto mlango wa dunia.

Wales haikujibu kwa tamko moja. Shule ya msingi ya kwanza ya Kiwelisi ilifunguliwa Aberystwyth mwaka 1939, ya sekondari mwaka 1956. Mwaka 2011 kikaanzishwa Coleg Cymraeg Cenedlaethol, chuo cha taifa cha Kiwelisi kisicho na kampasi yake. Kazi yake ni kugharimia nafasi za wahadhiri wanaofundisha kwa Kiwelisi ndani ya vyuo vikuu vilivyopo, kutoa ufadhili kwa wanafunzi, na kuandaa vitabu. Baadaye kikaongezewa vyuo vya ufundi na uanagenzi, kwa kuwa waligundua kwamba vijana wengi waliosoma kwa Kiwelisi hadi miaka kumi na sita walikuwa wakiiacha lugha mara tu elimu ya lazima ilipokwisha. Lugha hiyo ilikuwa na wazungumzaji wapatao 538,000 katika sensa ya mwaka 2021. Idadi hiyo ni ndogo kuliko ya wakazi wa mkoa wa Kigoma.

Ninalolichukua kutoka huko ni mbinu. Sisi tumekuwa tukingoja tamko litakalogeuza mfumo mzima kwa siku moja, na kila tamko limeanguka kwa uzito wake. Tunaweza kuanza pale ambapo kazi yenyewe inakidai Kiswahili na ambapo tulikwisha kuwa na uzoefu.

Kwanza, mwanafunzi wa chuo cha kada ya kati, katika uvuvi, afya, kilimo, ufundi na maendeleo ya jamii, apewe haki ya kujibu mtihani kwa Kiswahili au Kiingereza, na karatasi ya maswali iwe na lugha zote mbili. Hili halihitaji kujenga jengo hata moja. Pili, ziundwe nafasi maalumu za wakufunzi na wahadhiri wa kufundisha na kuandika vitabu kwa Kiswahili, chini ya mfuko mmoja wa taifa, zikianza na sheria, uvuvi na afya ya jamii. Tatu, maarifa yaliyokwisha kuandikwa kwa Kiswahili, yakiwamo madaftari ya Gombe na masomo ya kampeni za miaka ya 1970, yahesabiwe kuwa urithi wa kitaaluma na yaingizwe katika kufundishia. Nne, Kiingereza kifundishwe kama somo, na walimu walioandaliwa kwa kazi hiyo, ili mtoto wa Ujiji akijue kweli badala ya kukiogopa.

Watumishi wa umma wanaosoma makala haya wanajua kwamba waraka wa kuruhusu mtihani wa lugha mbili ni kurasa chache. Wanafunzi wanajua ni wenzao wangapi wameishia kidato cha nne wakiwa wamekariri wasichokielewa. Mwaka 1982 tulikuwa na tarehe tukaiacha ipite. Elimu ya lazima inapoingia miaka kumi, kila mwaka wa kusita sasa utawahusu watoto wote wa taifa, na si tena wale wachache waliochaguliwa kupanda.